Mtoto Wako Anapoingia Kidato cha Kwanza

Masomo: 1 Samweli 2:18-19, Danieli 1:3-17, Luka 2:41-52





Mwezi wa Januari hapa kwetu Ziba ni mwezi wa kazi nyingi. Mvua imekwisha kushika, majaruba yana maji, mahindi yanadai palizi, na pamba nayo haimngoji mtu. Ghala la mwaka jana limeanza kuonyesha sakafu. Na katika mwezi huo huo shule zinafunguliwa, na watoto waliofaulu darasa la saba wanatakiwa kuingia kidato cha kwanza. Mtoto anataka sare, viatu, madaftari na begi. Baba anatafuta dawa ya pamba. Mama anahesabu debe za mahindi zilizobaki. Kwa hiyo nyumba nyingi huona ya kuwa mtoto akisha kuvaa shati jipya na kuvuka lango la shule, kazi imekwisha. Nataka tutazame Neno la Mungu pamoja, tuone ya kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Wazee wetu wanalijua jambo hili. Zamani za ukoloni, na hata miaka ya mwanzo ya uhuru, shule ya msingi iliishia darasa la nne. Aliyefaulu alikwenda shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, mara nyingi mbali na kwao. Wengi waliokwenda walikuwa wadogo, nao waliobaki nyumbani walijua kuwa mtoto huyo amevuka mto. Siku hizi mto wenyewe ni kidato cha kwanza. Tena wanaouvuka watazidi kuwa wadogo, kwa maana kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba.

Sasa tuisome Injili. Luka anatuambia ya kuwa Bwana wetu alipofika umri wa miaka kumi na miwili alipanda Yerusalemu pamoja na wazazi wake kwa sikukuu ya Pasaka. Sikukuu ilipokwisha wakaanza kurudi, naye akabaki nyuma. Wazazi hawakujua. Walidhani yumo katika msafara. Wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kumtafuta kati ya jamaa na marafiki.

Liangalieni neno hilo, wapendwa: walidhani. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa watu wa sala, waliokwenda sikukuu kila mwaka, waliompenda mtoto wao. Lakini yeye alikuwa amefika umri ule ambao mtoto hashikwi mkono tena, wala bado hajawa mtu mzima. Kila mmoja pengine aliona ya kuwa mtoto yuko kwa mwenzake, au kwa shangazi, au kwa vijana wa rika lake. Hivyo ndivyo mtoto anavyopotea kati ya watu wanaompenda.

Na sisi je? Mzazi hudhani mwalimu anamtazama. Mwalimu ana darasa lililojaa, anadhani mzazi anamtazama. Mjomba aliyeombwa amkaribishe mtoto nyumbani kwake anadhani shule inamtazama. Kaka aliye kidato cha tatu anadhani mdogo wake amekwisha kuzoea. Mtoto yuko wapi? Hakuna ajuaye. Halafu mwezi wa Aprili tunasikia ameonekana machungani, au kwenye machimbo, au binti hajaonekana darasani majuma matatu.

Tujiulize basi, mtoto anakutana na nini huko? Kwanza anakutana na lugha. Mtoto wa Ziba huamka na kuamkia wazazi kwa kusema mwangaluka. Kisha alifundishwa miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Ghafla anaingia darasa ambamo Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Shule nyingi hutumia majuma ya kwanza kuwanoa watoto kwa lugha hiyo, lakini majuma machache hayatoshi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasa la saba ananyamaza kimya. Anaogopa kuinua mkono asije akachekwa. Akirudi nyumbani na alama ishirini katika mia, baba anasema, "Umeharibika." Hakuharibika. Amekuwa mgeni.

Someni habari za Danieli na wenzake watatu. Walichukuliwa vijana wakapelekwa Babeli, wakafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Walipewa muda gani? Miaka mitatu. Mfalme wa kipagani alijua ya kuwa lugha ya watu haijifunzi kwa mwezi mmoja; sisi wazazi Wakristo tutataka matokeo kabla ya Pasaka? Angalieni pia ya kwamba Danieli hakuikataa elimu ile kwa kuwa ni ya wageni, wala hakumwacha Mungu wake kwa ajili ya elimu ile. Alishika vyote viwili, na Mungu akawapa wale vijana maarifa.

Hata Mwalimu Julius Nyerere aliupita mto huu. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, akalala bweni mbali na Butiama, akajifunza Kiswahili huko huko shuleni, kwa maana kwao walisema Kizanaki. Mwaka 1937 akaja hapa mkoani kwetu, Tabora, akasoma shule ya serikali mpaka mwaka 1942. Mtoto aliyekuja kuwa mwalimu wa taifa alikuwa naye siku moja mgeni katika nchi ya Wanyamwezi.

Pamoja na lugha, mtoto anakutana na walimu wengi mahali pa mmoja au wawili aliowazoea, na masomo mengi ambayo kila moja lina daftari lake na zamu yake. Anakutana na wakubwa wanaomwita njuka, na wengine wao humwonea. Anakutana na njia ndefu. Tena haya yote yanamkuta wakati mwili wake unabadilika, sauti inakauka au kifua kinaota, naye mwenyewe hajijui. Mtu mzima akibebeshwa mambo hayo yote kwa siku moja angeomba likizo.

Basi tufanye nini? Turudi kwa Yusufu na Mariamu.

Walipoona hayumo, walirudi. Hawakusema, "Ni mkubwa, atakuja mwenyewe." Waliacha msafara uende zake. Tena walirudi wote wawili, baba na mama. Hapa kwetu shuleni anatumwa mama. Baba huonekana siku ya matokeo mabaya, na fimbo mkononi. Nawaomba akina baba: katika majuma manne ya kwanza, tenga asubuhi moja uende shuleni kabla hujaitwa. Msalimu mwalimu wa darasa, mwambie, "Mimi ndimi baba wa fulani, akikosa siku mbili naomba niambiwe." Acha namba yako ya simu. Neno hilo halina ada. Mwendo wao wa siku moja uliwagharimu siku tatu mpaka kumpata. Kadiri tunavyochelewa kurudi, ndivyo siku za kutafuta zinavyozidi.

Tena tazameni jinsi Mariamu alivyosema naye. Alimwuliza kwa nini amewafanyia hivyo, akamweleza ya kuwa baba yake na yeye walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Aliuliza kwanza, naye alisema uchungu wake bila matusi. Jibu la mwanawe hawakulielewa, asema Luka, lakini Mariamu aliyaweka mambo hayo yote moyoni. Mzazi mwenzangu, mtoto wa umri huu atakujibu maneno usiyoyaelewa. Usimpige kwa kuwa hukuelewa. Yaweke, uyafikiri, uulize tena kesho mkiwa mnapalilia. Watoto wengi husema mengi mikono ikiwa kazini kuliko wakisimamishwa mbele ya kiti cha baba.

Yuko mama atakayesema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Mama, unaweza sana. Jioni mwambie akueleze jambo moja tu alilofundishwa leo, akueleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mwulize, "Maana yake nini?" Akiweza kukueleza wewe, amelielewa. Akishindwa, amejua mwenyewe pa kumwuliza mwalimu. Naye Bwana wetu alipoonekana hekaluni alikuwa anafanya nini? Alikuwa ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Mfundishe mwanao ya kuwa kuuliza si aibu. Mwana wa Mungu aliuliza.

Sasa niseme habari ya mizigo. Sisi wa nchi hizi ni wajukuu wa watu wa misafara. Katika karne ya 19 vijana wa Unyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani ya Bagamoyo, na upande wa pili mpaka Ujiji. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na njia ilikuwa ya miezi. Wasafiri waliopita nchi hii waliandika ya kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoezwa mapema kwa kubeba mizigo midogo, mpaka mabega yakakomaa. Babu zetu walijua: bega halikomai kwa siku moja, na mtoto hapewi mzigo wa mtu mzima.

Leo mtoto wa kidato cha kwanza anaamka alfajiri, anachota maji, anafungua ng'ombe, anatembea saa nzima au zaidi mpaka shuleni. Akirudi saa kumi anapewa jembe, na usiku anaambiwa asome kwa tochi ya simu. Siseme mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyefanya kazi hajalelewa. Nasema pimeni mzigo. Mpeni kazi moja asubuhi na moja jioni, kisha mpeni saa moja ya taa na utulivu, ambayo hakuna mtu atakayemtuma dukani. Na siku za shule ng'ombe wachungwe na mwingine. Mwisho wa kidato cha pili uko upimaji wa taifa, na asiyeufikia hurudia mwaka. Wengi wanaoanguka pale walianza kuanguka katika miezi hii ya kwanza, walipokosa Jumatatu na Jumanne kwa ajili ya palizi.

Hapo sina budi kusema jambo zito. Wako wazazi katika nchi hii waliomwambia mtoto wao aandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba, ili asichaguliwe, ili mvulana achunge na binti aolewe, ng'ombe wa mahari waingie zizini. Mzazi anayefanya hivyo anamfundisha mtoto kusema uongo mbele ya Mungu na kuizika talanta yake ardhini. Ng'ombe hufa kwa ukame mmoja. Mwuguzi anayetupokea pale Hospitali ya Nkinga, mwalimu wa watoto wetu, karani anayepima pamba yetu kwenye chama cha ushirika, wote walikuwa siku moja watoto wa kidato cha kwanza, na mtu fulani alikubali kuuza mbuzi. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mahitaji mengine yapo, nayo ni mazito, najua. Lakini mlango umefunguliwa, tusiufunge kwa ndani.

Na habari ya vyumba. Kata zetu ni pana, na shule ziko mbali na vitongoji vingine. Wazazi hupanga chumba karibu na shule, watoto wawili watatu wakakaa peke yao, wakapika wenyewe. Vijana huita geto. Mtoto wa miaka kumi na minne anakuwa baba na mama wa nafsi yake. Binti akiishiwa sabuni, mafuta ya taa na taulo za kike, atakuja mtu wa kumpa, na mtu huyo hatoi bure. Njia ni ndefu, pikipiki inasimama, anaambiwa, "Panda, dada, nikufikishe." Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa ambalo adhabu yake inafika miaka 30 gerezani. Lakini sheria humkamata mtu baada ya binti kuumia. Mzazi ndiye anayetangulia kabla.

Kama huna njia ila chumba, basi fanya hivi: chagua nyumba yenye mama mwenye nyumba anayekaa humo humo. Wasichana wakae na wasichana. Peleka chakula wewe mwenyewe, usikitume kwa mwendesha pikipiki. Fika siku usiyotarajiwa. Ukiona kitu ambacho hukukinunua wewe, uliza kwa upole kimetoka wapi, na uliza mpaka upate jibu. Na kama jambo baya limekwisha kutokea, usimfukuze binti yako. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa kupata mtoto arudi darasani. Serikali ikimfungulia mlango, mzazi wake Mkristo atamfungia? Baba wa yule mwana mpotevu alimwona mwanawe angali mbali.

Naye Hana, mama wa Samweli, alimpeleka mwanawe Shilo, akamwacha kwa Eli kuhani. Je, alimsahau kwa kuwa amemtoa kwa Bwana? Hasha. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akamletea alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Fikirini: mtoto anakua. Kanzu ya mwaka jana haimfai mwaka huu. Ili Hana aweze kushona, alihitaji kujua mwanawe amefika wapi, mabega yake yamepanuka kiasi gani. Kanzu ile ilikuwa kipimo cha mama anayemwangalia mtoto wake kwa macho mapya kila mwaka. Ninyi mliopeleka watoto bweni, au kwa jamaa, au kwenye vyumba, msiwapime kwa kipimo cha darasa la saba. Nendeni mwaone. Pelekeni kitu kidogo, hata karanga za kukaanga, mradi mtoto ajue hakutupwa.

Na kanisa tunafanya nini? Siku ya ubatizo wasimamizi walisimama mbele ya Mungu na kusanyiko, wakamwahidia mtoto huyu. Wengi wetu ahadi ile tumeiacha kisimani. Msimamizi wa mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwaka huu na anunue japo daftari tatu, tena amtembelee. Umoja wa Akina Mama na wachukue majina ya mabinti wote wa parokia wanaokaa vyumbani, wagawane, kila mama na binti mmoja wa kumjua kwa jina. Mwenye nyumba karibu na shule, na ufikiri mbele za Bwana kama hana nafasi ya mkeka mmoja. Walimu wa sekondari walio washarika wetu na watupe saa moja Jumamosi mchana, vijana wasomeshwe Kiingereza kanisani. Mabenchi yapo, yanakaa bure siku sita.

Nanyi watoto wetu mnaoanza, neno lenu ni fupi. Bwana Yesu alipokwisha kuwashangaza walimu wa Yerusalemu kwa akili zake, alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Elimu haikumtenga na fundi seremala na mkewe. Msiwaone wazazi wenu wajinga kwa kuwa hawajui Kiingereza. Mkichekwa, vumilieni, mkionewa, semeni kwa mwalimu na nyumbani. Mkishindwa mtihani wa kwanza, fungueni daftari tena. Na Jumapili tukutane hapa, kwa maana Luka anamaliza habari hii kwa kusema ya kwamba Yesu alizidi kukua katika hekima na kimo, akipendwa na Mungu na watu pia. Hayo yalikwenda pamoja, na kwenu yaende pamoja.

Wazazi wapendwa, tusidhani. Jioni ya leo, kabla ya kulala, ulizeni nyumbani mwenu: mtoto yuko wapi, anakaa na nani, amekula nini, na nani aliyemsikiliza leo? Mkipata jibu, mshukuruni Mungu. Msipopata, geukeni njiani kesho asubuhi, kungali mapema.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemtuma Mwanao awe mtoto katika nyumba ya maskini, naye akaenda njia, akakaa miguuni pa walimu: tunawaweka mikononi mwako watoto wa Ziba wanaoanza kidato cha kwanza. Uwafungue ndimi na masikio. Uwalinde njiani, vyumbani na mabwenini. Uwape walimu uvumilivu, uwape wazazi macho ya kuona na miguu ya kurudi. Wale waliokwisha kupotea, utupe neema ya kuwatafuta mpaka tuwapate. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.